Kagua Uso wa Saa Kuukuu Kabla ya Kutoa Pesa

Saa kuukuu ya mkononi huuzwa kwa uso wake. Mashine ikichoka, fundi huisafisha na kuitia mafuta. Kioo kikikwaruzika hubadilishwa, na mkanda hata hauhesabiwi. Uso ukishaharibiwa haurudi. Omega Seamaster mbili za mwaka mmoja, zenye mashine ileile na kasha lilelile, hupishana bei vibaya kwa sababu moja ina uso uliotoka nao Uswisi na nyingine imerudiwa rangi. Kwa hiyo udanganyifu mwingi hufanyika hapo hapo, kwenye kipande cha shaba chembamba chenye upana wa sentimita tatu hivi.

Kizuri chajiuza, na ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Uso mweupe usio na doa ndani ya kasha lililochubuka pande zote humvutia mgeni, lakini mzoefu humtia shaka. Hakuna dalili moja itakayokupa jibu. Unachotafuta ni umri: mwandiko, rangi inayong'aa gizani, mishale, kasha na mashine, vyote vikubaliane kwamba vilizaliwa pamoja na vimezeeka pamoja. Nitatumia zaidi Omega, Rolex na Seiko, kwa kuwa hizo ndizo zinazorithiwa na kuuzwa sana huku kwetu.

Jua kwanza unaweza kukuta nini

Kuna uso wa asili, uliowekwa kiwandani siku saa ilipoundwa. Kuna uso wa badala, nao ni halali wa kampuni yenyewe, ila uliwekwa miaka mingi baadaye saa ilipopelekwa kufanyiwa huduma. Kuna uso uliorudiwa rangi: shaba ni ileile ya zamani, lakini rangi na maandishi ya kwanza yalioshwa yakapigwa mengine. Mwisho kuna uso wa bandia, ambao kampuni haikuugusa kamwe.

Kurudia rangi si dhambi. Zamani mtu alitaka saa ya harusi yake ing'ae tena, akampelekea fundi, fundi akafanya kazi aliyoombwa. Wizi huanza pale mtu wa tatu anapoiuza saa hiyo kwa bei ya uso wa asili. Kabla hujashika lenzi, basi, uliza kwa adabu: "Fundi, uso huu umewahi kurudiwa rangi?" Wapo watakaokujibu ukweli moja kwa moja. Anayeanza kukueleza jinsi baba yake alivyoitunza saa ndani ya kabati kwa miaka hamsini, msikilize, kisha endelea na ukaguzi wako.

Vifaa

Lenzi ya fundi ya kukuza mara kumi, tochi ndogo ya mwanga mweupe, na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti ambayo maduka mengi ya M-Pesa au ya kubadilishia fedha yanayo. Simu yenye kamera nzuri itakusaidia kulinganisha picha. Basi.

Hatua ya kwanza: soma herufi ndogo

Jina kubwa la kampuni liache mwisho. Anayeghushi hutoa jasho lake lote kwenye neno OMEGA au ROLEX, kisha huchoka anapofika kwenye AUTOMATIC na maandishi ya chini.

Kiwandani, maandishi yalichimbwa kwenye bamba la chuma, wino ukajazwa ndani ya michimbo, pedi laini ikauokota wino huo na kuubandika juu ya uso. Herufi inayotoka hapo ina kingo kali na unene kidogo. Inamisha saa, piga tochi kutoka ubavuni, halafu tazama kwa lenzi: wino unasimama juu ya rangi na kuangusha kivuli chembamba mno. Miguu ya herufi A inaishia kwa ncha iliyokatwa. Tumbo la herufi R liko wazi. Mistari mitatu ya E haijashikana.

Kwenye uso uliorudiwa rangi, herufi zimenenepa. Pembe zimekuwa mviringo, ncha zimevimba, matundu ya A na R yamezibwa na wino, na herufi mbili zinazofanana katika neno moja hazilingani. Wakati mwingine neno zima limeinama nusu nywele. Piga mstari wa kufikirika kutoka kialama cha 12 hadi cha 6. Katika AUTOMATIC herufi ya kati ni M, katika CHRONOMETER ni ile O ya pili, na katika uso wa kiwandani ulioandikwa maneno hayo katikati, herufi hizo zitaangukia kwenye mstari au karibu nao sana. Zikikimbilia pembeni, kuna mkono mwingine uliopita hapo.

(Nikisema 6 au 12 nataja tarakimu ilivyo usoni. Tukisoma kwa saa za kwetu tutapotezana.)

Ukimaliza herufi, zunguka ukingoni kwenye vijistari vya dakika. Kila cha tano kinapaswa kukutana na katikati ya kialama chake. Kwenye kazi mbovu utaona vijistari vinavyopishana urefu, vingine vimepanda juu ya kialama cha chuma, vingine havikukifikia. Tazama pia mzizi wa kila kialama, pale chuma kinapogusa uso. Rangi mpya ikimwagwa juu ya vialama ambavyo havikung'olewa, huganda kwenye kona kama wanja uliovuja. Kingo za dirisha la tarehe hutoa siri hiyohiyo: za kiwandani ni kali na safi, lakini rangi ya pili hulainisha pembe zake.

Kwenye saa zenye nyuso ndogo ndani ya uso mkubwa, zile za kupimia muda, tafuta miduara myembamba iliyochongwa ndani ya kila uso mdogo, mmoja ndani ya mwingine. Rangi ya kurudia huifukia.

Angalizo kwa wenye Omega: vioo vyake vya zamani vya plastiki vina alama ndogo sana ya Ω katikati kabisa. Iko kwenye kioo, haiko usoni. Ukiiona usidhani ni doa, na usiichukue kuwa ushahidi wa uso, maana kioo hubadilishwa wakati wowote.

Hatua ya pili: soma ukingo wa chini

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine popote. Chini ya 6, saa za Uswisi hutaja asili yake kwa herufi ndogo kuliko zote. Maneno hayo yalibadilika kadiri rangi ya kung'aa ilivyobadilika, kwa hiyo yanataja umri.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 rangi ya kung'aa ilikuwa ya radiamu, elementi yenye mionzi, na ukingoni paliandikwa SWISS au SWISS MADE bila alama nyingine. Radiamu ilikuwa hatari, ikaiachia nafasi tritiamu, yenye mionzi hafifu zaidi, na ndipo herufi T ikaingia: T SWISS T, T SWISS MADE T, au SWISS T<25, yaani mionzi isiyozidi milikiuri 25 (milikiuri ni kipimo cha mionzi). Mwishoni mwa miaka ya 1990 tritiamu nayo ikaondoka, ikaja LumiNova kutoka Japani, isiyo na mionzi, na herufi T ikafutwa.

Ukiambiwa saa ni ya 1955 na chini imeandikwa T SWISS T, uso huo haukuzaliwa nayo. Huenda ni uso halali wa badala, lakini bei ya 1955 usilipe. Rolex ya miaka ya 1970 ikiwa na SWISS MADE pasipo T na vidoa vyeupe vya rangi ya kung'aa vinavyowaka vikali, hapo huduma iliacha uso mpya. Kuna mtego mmoja: neno SWISS peke yake kwenye Rolex lina nyakati mbili, enzi ya radiamu na tena karibu 1998 na 1999, LumiNova ilipoanza. Neno ni lilelile na rangi ni tofauti kabisa, kwa hiyo usiamue kwa kusoma tu.

Kwenye baadhi ya saa za miaka ya 1970 utakuta herufi ndogo ya Kigiriki σ kila upande wa neno SWISS. Ilimaanisha kwamba vialama au mishale ni ya dhahabu. Anayerudia rangi mara nyingi huisahau.

Neno lisipoonekana kabisa, usikimbilie hukumu. Kwenye saa fulani za zamani maandishi yapo ukingoni kiasi kwamba kasha linayafunika, na utayaona tu saa ikifunguliwa. Yakiwa yapo lakini yamepanda juu, makubwa, karibu na kialama cha 6, hilo ndilo baya.

Hatua ya tatu: zima taa

Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3. Saa ya katikati ya miaka ya 1970 leo imebakiwa na takriban sehemu moja ya kumi na sita ya nguvu yake ya mwanzo. Kwa maneno mengine, haiwezi kukuonyesha wakati usiku. Imulike kwa tochi nusu dakika, zima, tazama. Tritiamu ya zamani humemeteka kidogo na kufa upesi. Ikibaki inawaka kijani kikali dakika baada ya dakika, uso umepakwa rangi ya kisasa.

Sasa washa taa ya noti. Lengo ni kuona kama uso na mishale vinajibu namna moja. Mishale ikilipuka kwa mwanga huku vidoa vya usoni vikibaki gizani, huenda kimoja kati ya viwili hivyo si cha saa hiyo. Tazama pia rangi mchana: tritiamu huzeeka kuelekea maziwa mgando, asali au kahawia, na vidoa kumi na viwili havizeeki sawasawa kabisa, kwa kuwa kila kimoja kilipata unyevu na jua lake. Vikiwa vyote na rangi moja ya chai ya rangi, huenda kweli ni chai. Kupaka vidoa chai au kahawa ili vionekane vya kale ni hila inayojulikana duniani kote.

Radiamu ni habari nyingine. Nusu ya uhai wake ni miaka 1,600. Kilichokufa ni kemikali iliyokuwa ikiwaka, lakini mionzi bado ipo. Saa iliyokaa miaka mingi drooni bila kutembea mara nyingi huwa na kivuli cha kahawia usoni, umbo la mshale uliosimama hapo. Watu hukiona kasoro, mimi hunifurahisha, kwa sababu mtu aliyerudia rangi asingekiacha. Ila usiikwangue rangi hiyo, usiipulize vumbi lake, wala usifungue saa ya aina hiyo kwenye meza ya chakula. Wasichana wa viwanda vya Marekani miaka ya 1910 na 1920, waliokuwa wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao walipopaka nyuso za saa, waliugua, na baadhi yao wakafa, kwa radiamu hiyohiyo.

Hatua ya nne: chunguza uzee wenyewe

Unyevu huingia kupitia kichwa cha ufunguo na kuzunguka kioo. Kwa saa zilizovaliwa Mombasa, Tanga au Unguja, madoa huanzia pembezoni, na mara nyingi upande wa ufunguo, yakielekea katikati. Madoa yaliyorushwa katikati tu huku ukingo ukiwa safi yanahitaji maelezo.

Nyuso nyeusi zilizogeuka kahawia kwa jua zina wapenzi wengi na bei kubwa, kwa hiyo wapo wanaoziokaoka ovenini. Uso uliobadilika wenyewe una sehemu nyepesi na nzito, na kwenye ukingo uliofichwa na kasha, weusi wa zamani huwa umebaki.

Seiko: acha namba ziseme

Seiko ni rahisi kukagua kwa sababu Wajapani waliandika kila kitu. Geuza saa. Mfuniko una makundi mawili ya tarakimu nne, mfano 7009 ikifuatwa na nyingine nne. Nne za kwanza ni mashine, nne za pili ni kasha. Sasa tafuta usoni, chini kabisa kandokando ya 6, maandishi madogo mno yanayoanza na JAPAN na namba. Nne za kwanza zinapaswa kuwa zilezile za mashine. Nne za pili zikitofautiana na za mfuniko usiogope, uso una namba yake. Lakini mfuniko ukisema 7009 na uso ukisema 7S26, uso huo ni wa mashine iliyoanza miaka ya 1990, umehamishwa.

Halafu soma nambari ya mfululizo. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, O ni Oktoba, N Novemba, D Desemba. Chukua saa ya kupimia muda ya 6139, ile ambayo mwanaanga William Pogue aliivaa kwenye Skylab 4, safari iliyoanza Novemba 1973, ikiwa na uso wa manjano. Mashine hiyo ilitoka 1969. Nambari ikianza na 6N, ni Novemba 1976, haiwezi kuwa 1966. Sasa soma uso. Karibu 1970 Seiko iliacha kuandika neno PROOF kuhusu maji, ikaandika RESIST. Saa ya 1976 yenye uso wa PROOF imekopa uso wa dada yake mkubwa. Nyuso mpya za bandia za 6139 nazo ziko tele. Ya manjano ya kiwandani ina miale inayozunguka ukiigeuza kwenye mwanga, za bandia nyingi ni manjano bapa.

Seiko 5 ndiyo iliyoharibiwa zaidi. Kuna mkondo mkubwa wa saa hizi zilizopakwa upya India, hasa Mumbai, zenye nyuso za chungwa, zambarau au rangi mbili, nyingi za mitindo ambayo Seiko haikuwahi kuitoa. Mashine ndani mara nyingi ni halali. Uso hauna namba chini, au saa zote zina namba moja, na mishale imepakwa kwa brashi. Kama unataka saa ya kuvaa tu, inunue kwa bei ya saa ya kuvaa.

Siku za wiki zikiandikwa Kiingereza na Kiarabu, hilo si kosa. Seiko zilizouzwa Ghuba zilikuja hivyo, na nyingi ziliingia pwani yetu mikononi mwa jamaa waliokuwa wakirudi kutoka Maskati na Dubai.

Nyuso zenye nembo ya khanjari

Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, alikuwa akitunuku watu saa, zikiwemo Rolex zenye nembo ya taifa usoni: khanjari, yaani jambia, juu ya panga mbili zilizopishana. Baadhi zilipitia duka la Asprey la London. Waomani wengi wana mizizi Unguja na Mombasa, kwa hiyo si ajabu mtu wa huku kuletewa saa ya namna hiyo na hadithi yake.

Tatizo lake ni la kipekee: saa ni ya kweli, uso ni wa kweli, ila nembo imepigwa juzi. Weka lenzi kwenye nembo, kisha kwenye jina la Rolex, rudi kwenye nembo. Wino wa nembo ukiwa mpya na mnene ilhali wa jina umefifia, ondoka. Kama varnishi imepasuka kwa nyufa nyembamba, fuata ufa mmoja hadi kwenye nembo: nembo ya zamani imepasuka pamoja na uso, ya juzi imelala juu ya ufa na kuuziba. Baada ya hapo dai karatasi, barua, au picha ya zamani ya familia ambamo saa inaonekana mkononi. Kwa bei zinazotajwa, kuomba hivyo si ukosefu wa adabu.

Hatua ya mwisho: fungua

Kwa fedha nyingi usinunue saa isiyofunguliwa. Mwambie fundi aitoe mashine kwenye kasha na, kama muuzaji amekubali, autoe uso. Geuza nyuma. Uso unashikwa na miguu miwili myembamba inayoingia kwenye mashine. Ikiwa imekatwa na uso umebandikwa kwa gundi, huenda ulitoka kwenye saa nyingine. Nambari zilizokwaruzwa kwa mkono mara nyingi ni za karakana ya kurudia rangi. Kijipengo kwenye ukingo, hasa upande wa 3, kinaweza kuwa mahali walipoushikia uso wakati wa kupiga maandishi mapya, ingawa nyuso chache zilitoka nacho kiwandani.

Ukiwa umefungua, soma nambari ya mashine. Kwa Omega, nambari ya milioni 17 huangukia karibu 1959 na 1960. Namba ya modeli iko ndani ya mfuniko: iandike, kisha linganisha na picha za modeli hiyohiyo kwenye minada ya Christie's, Phillips au Sotheby's. Tazama saa kadhaa, kwa kuwa hata huko moja inaweza kuwa imerudiwa.

Ukinunua kwa picha za simu, omba picha mbili: moja ya mbele kabisa bila kioo kurudisha mwanga, nyingine ya ubavuni chini ya tochi. Muuzaji anayetuma picha ileile yenye ukungu mara tatu amekwisha kukujibu.

Mkikubaliana bei, aandike kwenye risiti namba ya modeli, nambari ya mashine, na maneno haya: "uso wa asili, haujarudiwa rangi." Akisita kuandika, punguza bei hadi ya uso uliorudiwa, au mwachie saa yake.